Bhopal, Mji wa Maziwa na Mabegum

Atajapo mtu Bara Hindi, ulimi wake hukimbilia Agra na Delhi, na apendaye maziwa na majumba ya kifalme hutaja Udaipur. Bhopal haitajwi sana, na ikitajwa, hutajwa kwa msiba wake. Mimi pia sikuwa nimeifikiria. Nilimsindikiza binti yangu, aliyepata nafasi ya kusoma elimu ya kemia katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh, na siku tano zilikuwa zimesalia kabla ya kuandikishwa kwake.

Sitaficha kwamba moyo wangu haukuwa umetulia. Ndugu zangu walikuwa wamenilaumu sana. Walisema mtoto wa kike haachwi peke yake ng'ambo ya bahari, hata kama chuo chenyewe ni cha Kiislamu. Nami nilisafiri naye hali nimeficha nia ambayo sikumwambia, kwamba nikiona huko lisilonipendeza, nitarejea naye nyumbani.

Jioni moja binti yangu alisoma kwamba Aligarh ilipopewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 1920, chansela wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Sultan Jahan, Begum wa Bhopal. Akaniuliza, "Baba, Bhopal ni wapi?" Siku ya pili tulipanda gari la moshi Delhi, tukaelekea kusini safari ya usiku kucha.

Tulifika alfajiri. Mji umekaa juu ya vilima, na katikati ya vilima hivyo yamelala maji. Ziwa kubwa, ambalo wenyeji huliita Bara Talab, si ziwa la kuumbwa hivyo tangu asili. Ni maji yaliyozuiwa kwa boma la udongo na mawe, na kazi hiyo inanasibishwa na Raja Bhoj, mfalme wa Kihindu wa karne ya 11. Wenyeji husimulia kwamba mfalme huyo alipatwa na maradhi ya ngozi, akaambiwa hatapona ila aoge katika ziwa linalopokea vijito 365. Hadithi ni hadithi, lakini boma lipo, barabara inapita juu yake, na takriban miaka elfu baadaye watu wengi wa mji bado wanakunywa maji ya ziwa lile. Chini ya boma kuna ziwa dogo, Chhota Talab, lililotengenezwa mwishoni mwa karne ya 18.

Kando ya maji ndiko yaliko majumba. La malkia Kamlapati wa kabila la Wagond limeshuka mpaka ukingoni. Gohar Mahal, lililojengwa mwaka 1820, lina nyua za ndani na milango ya mbao iliyochongwa, na mtu aliyezoea milango ya mji mkongwe wa Unguja atasimama hapo kitambo, kama nilivyosimama mimi. Mengine yamechakaa. Katika jumba moja niliona mti umeota ukutani na mbuzi wamelala barazani, nikasikitika.

Ama historia ya Waislamu wa hapo, ilianza kwa Dost Mohammad Khan, Mwafghani aliyekuwa askari katika dola ya Wamoghul. Mwanzoni mwa karne ya 18 alijitwalia nchi, akajenga ngome akaiita Fatehgarh kwa jina la mkewe, Fatah Bibi. Ndani ya ngome mna msikiti mdogo ajabu, wa walinzi, uitwao Msikiti wa Ngazi Mbili na Nusu. Binti yangu alizihesabu ngazi mara tatu, asikubaliane na hesabu yake mwenyewe.

Lakini lililotuleta ni habari za mabegum. Mwaka 1819 mtawala wa Bhopal aliuawa kwa risasi iliyofyatuka, akaacha mjane wa miaka kumi na minane hivi, Qudsia, na mtoto wa kike mchanga. Mjane yule hakungoja wanaume wa ukoo wagawane nchi. Alisimama mbele yao, akatangaza kwamba mrithi ni bintiye, na kwamba yeye atamshikia nchi mpaka akue. Tangu siku hiyo hadi mwaka 1926, isipokuwa miaka michache alipotawala mume wa binti huyo, Bhopal iliongozwa na wanawake wanne wa Kiislamu wakifuatana, mama na mwana: Qudsia, Sikandar, Shah Jahan na Sultan Jahan.

Qudsia ndiye aliyejenga Msikiti wa Ijumaa ulio katikati ya soko, wenye minara yenye vilele vya dhahabu, na ndiye aliyewaletea watu wake maji ya mabomba bila malipo. Sikandar alipanda farasi na kuzunguka nchi yake akikagua hesabu za kodi. Mwaka 1863 alikwenda Makka kuhiji pamoja na mama yake, akaandika kitabu cha safari hiyo, nacho kilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1870. Shah Jahan alitoa fedha zilizojenga msikiti wa Woking, ule wa mwaka 1889, wa kwanza katika Uingereza kujengwa makusudi uwe msikiti. Sultan Jahan, ambaye hakuonekana hadharani ila amevaa buibui lake, alifungua shule za wasichana na kuandika vitabu, kisha mwaka 1926 akamwachia mwanawe wa kiume ufalme kwa hiari yake. Mwaka 1949 nchi hiyo iliingia katika India huru, na tangu 1956 Bhopal ni mji mkuu wa jimbo la Madhya Pradesh.

Adhuhuri tulisali katika Taj-ul-Masajid, yaani Taji la Misikiti. Kuta zake ni nyekundu ya waridi, kuba tatu nyeupe juu, na minara miwili mirefu inayoonekana tokea mbali. Shah Jahan aliuanza, akafariki mwaka 1901 haujakamilika, na fedha zikawa zimekwisha. Ukakaa hivyo miaka sabini. Mwaka 1971 wanavyuoni wa mji waliianza tena kazi kwa michango ya watu, na mwaka 1985 ikakamilika. Tuliwakuta vijana wa madrasa wameketi chini ya nguzo wakidurusu masomo yao. Ndani Begum aliweka ghorofa ya wanawake kusalia, na binti yangu akaniambia kwamba mahali pa wanawake katika msikiti wetu wa mtaani ni chumba cha kuwekea mikeka. Sikuwa na jibu, kwa kuwa ni kweli.

Hapo ndipo tulipokutana na mzee mmoja aliyejua Kiingereza. Aliposikia salamu yetu na kwamba tumetoka Afrika ya Mashariki, hakukubali tuondoke bila ya chai. Wasomaji, chai ya Bhopal hutiwa chumvi! Niliinywa kwa adabu. Mzee alicheka, akasema wageni wote hukunja uso vivyo hivyo.

Kisha tukamwuliza habari za msiba. Alinyamaza kidogo, akaanza kusema huku akifuta macho yake, ambayo, alituambia, hayajaacha kutoka machozi tangu usiku ule. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, katika kiwanda cha dawa za wadudu cha kampuni ya Union Carbide, maji yaliingia katika tangi la kemikali, na takriban tani 40 za gesi ya sumu zikatoka zikaenea juu ya mitaa ya maskini iliyo karibu. Watu zaidi ya laki tano waliivuta. Maelfu walikufa, wengi wao kabla ya jua kuchomoza. Mzee alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Alimbeba nduguye mdogo mgongoni akakimbia, na alipofika penye hewa njema, mtoto alikuwa amekwisha kufa mgongoni mwake.

Alitutajia pia Ghulam Dastagir, naibu wa mkuu wa stesheni ya gari la moshi usiku ule. Aliliamuru gari lililojaa abiria liondoke kabla ya saa yake, hakungoja idhini ya wakubwa, kisha mwenyewe akabaki kuwasaidia waliokuwa wakikimbilia stesheni. Mapafu yake hayakupona tena. Alifariki mwaka 2003.

Binti yangu akauliza jambo ambalo mimi sikulifikiria. "Babu, na maji je?" Mzee akamtazama. Akasema kwamba taka za kiwanda zilizikwa na kuachwa pale pale, sumu ikashuka ardhini, na watu wa mitaa ile wakanywa maji ya visima miaka mingi bila kuambiwa. Tani 337 hivi za taka zilizokuwa zimehifadhiwa ghalani hazikuondolewa mpaka Januari 2025, yaani miaka arubaini baadaye, na udongo wenyewe haujasafishwa. Akamwuliza anasomea nini. Binti yangu akamjibu. Mzee akasema, "Sisi tulikuwa tukionja tu. Yakiwa machungu, tunahamia kisima kingine. Hatukuwa na mtoto wa mtaani kwetu wa kuyapima."

Alizidi kumweleza, naye akiandika katika daftari: visima gani, miaka gani, maji yalikuwa na harufu gani. Mimi nilikaa kando na kikombe changu cha chai ya chumvi. Nilimwona binti yangu akiuliza kwa heshima, akingoja jibu, akiuliza tena, na mzee yule, aliyekuwa akisema nasi kama mtu anayerudia somo alilolizoea, akaanza kufikiri kabla ya kujibu.

Magharibi ilitukuta ukingoni mwa ziwa kubwa. Mitumbwi ilikuwa ikirejea, na adhana zikasikika kutoka misikiti ya vilimani, mmoja ukitangulia, mwingine ukifuata, sauti zikipita juu ya maji. Tulitia udhu kwa maji ya lile ziwa la Raja Bhoj.

Tuliporudi Aligarh nilimwandikisha. Usiku huo nilimpigia simu kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilaumu zaidi ya wote, nikamwambia nimemwacha mtoto na kwamba ninarejea peke yangu. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama huko kuna baridi. Nikamwambia ipo, tena kali, Desemba na Januari. Akasema nisiondoke kabla ya kumnunulia blanketi zito, na fedha zake atazituma yeye.