Barua kutoka Ughaibuni: Kata Simu, Kisha Mwambie Mtu

Columbus, Ohio

Kwenu ndugu zangu,

Huku baridi imeanza kulegea na watu wameanza kuonana tena nje. Leo naacha habari za kazi na za makaratasi, nizungumzie wizi unaofanyika mchana kweupe, mwenye mali akiwa amekaa mbele ya kompyuta yake, anajibu maswali kwa adabu, na mwisho anamshukuru mwizi kwa kumsaidia.

Kama mjuavyo, wengi wetu hapa tunatunza wazee majumbani mwao. Mmoja wa ninaowahudumia ni mstaafu wa reli, mjane, ambaye watoto wake wanaishi majimbo ya mbali. Siku moja alikuwa anasoma utabiri wa hali ya hewa kwenye kompyuta, ghafla skrini ikajaa maandishi mekundu na king'ora kikaanza kulia. Sauti ikamwambia kwamba kompyuta imeingiliwa, asiizime, apige simu Microsoft kwa namba iliyoandikwa pale. Akapiga. Akapokelewa na kijana mwenye sauti ya upole, aliyejitambulisha kwa jina na namba ya kazi.

Kijana yule alimwelekeza aweke programu inayomwezesha mtu aliye mbali kuiendesha kompyuta. Programu za aina hiyo ni halali, na mafundi wa kweli maofisini huzitumia kila siku. Mzee alipobonyeza kukubali, mshale ukaanza kutembea wenyewe, na mbele yake ikafunguka orodha ndefu ya alama nyekundu na za njano. Akaambiwa kwamba yote yale ni mashambulizi.

Hapo ndipo penye kiini cha utapeli huu. Kila kompyuta ya Windows ina daftari la ndani linaloandika mambo yanayotokea humo: programu iliyokwama, printa isiyojibu, huduma iliyojaribu kuwaka ikashindwa. Hata kompyuta nzima kabisa hujaa maandishi kama hayo, na mengi hayana madhara yoyote. Tapeli hana haja ya kuingiza kirusi. Anamfungulia mtu daftari la kompyuta yake mwenyewe, ambalo hajawahi kuliona, na kumsomea kama daktari anayesoma majibu ya vipimo. Wengine humwambia mtu afungue dirisha jeusi la kuandikia amri, aandike neno fulani, halafu wanamtajia msimbo mrefu utakaotokea, ili aamini kwamba wanaijua kompyuta yake. Msimbo huo ni uleule kwenye kompyuta zote za Windows.

Hofu ilipokwisha kumwingia, simu ikahamishiwa kwa mtu aliyejiita ofisa wa benki. Huyu akamwambia kwamba wezi wameshaifikia akaunti yake, na kwamba ndani ya benki yuko mfanyakazi anayeshirikiana nao. Kwa hiyo asimwambie yeyote, hata wanawe. Eti ili kuziokoa pesa zake, wakamtuma dukani kununua kadi za zawadi, ambazo namba zake hutumika kama pesa, simu ikiwa wazi mfukoni. Mhudumu wa duka alimuuliza kadi nyingi namna ile ni za nani. Akajibu kwamba ni za wajukuu, kama alivyofundishwa. Akarudi nyumbani, akazikwangua, akawasomea namba moja baada ya nyingine. Kufikia jioni, sehemu kubwa ya akiba yake ilikuwa imekwenda.

Mwaka 2023 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu mtindo huu wa kupokezana: kwanza anakuja fundi, kisha mtu wa benki, kisha mtu wa serikali, kila mmoja akiuthibitisha uongo wa mwenzake. Kwa mwaka huo idara hiyo ilipokea malalamiko zaidi ya 37,000 ya watu waliodanganywa na mafundi wa uongo, na hasara yao ilizidi dola milioni 900. Mwaka 2024 hasara ilipita dola bilioni 1.4. Walioumia zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Na hao ni wale tu waliokwenda kusema.

Serikali hazijakaa kimya. Oktoba 2012, Tume ya Biashara ya Shirikisho hapa Marekani ilifungua kesi dhidi ya makundi sita ya matapeli hawa, mengi yakiendeshwa kutoka India. Oktoba 2023, idara ya upelelezi ya India, CBI, ilipekua maeneo 76 katika msako dhidi ya uhalifu wa mtandaoni, ukiwemo huu, baada ya kupata taarifa za Microsoft na Amazon. Lakini kituo kimoja kikifungwa, kingine hufunguliwa mtaa wa pili, na polisi hufika pesa zikiwa zimeshavuka mipaka. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza lazima uwe ndani ya nyumba zetu.

Ninalotaka mlishike ni hili: utapeli huu hautafuti mjinga, unamtafuta mtu aliye peke yake. Angalieni maagizo yao. Usikate simu. Usizime kompyuta. Usimwambie mtu. Kila agizo linamtenga mtu na wale ambao wangemfumbua macho kwa swali moja tu. Mzee wangu alisimamia treni za mizigo kwa miaka mingi, kazi isiyofanywa na mzembe. Na yuko mtu wa Ireland ya Kaskazini anayetumia jina la Jim Browning, ambaye kazi yake ni kuingia kwenye kompyuta za matapeli hawa na kuwaanika kwenye chaneli yake ya YouTube. Mwaka 2020 BBC ilizionyesha picha alizozinasa ndani ya kituo chao kimoja huko India. Julai 2021 yeye mwenyewe alidanganywa na mtu aliyejifanya wa huduma ya YouTube, akaifuta chaneli yake kwa mkono wake. Bingwa wa kuwanasa naye alinaswa. Alichofanya baada ya hapo ndicho cha kuigwa: alijitokeza hadharani akaeleza jinsi alivyodanganywa, na chaneli yake ikarudishwa.

Mzee wangu hakuthubutu kufanya hivyo. Siku zilipita kabla hajaniambia, na aliniambia kwa shida, ameinamisha kichwa. Wanawe aliwaficha kwa sababu aliogopa wangemnyang'anya uhuru wa kushika pesa zake. Ukimya huo ulimgharimu. Kampuni inayotoa kadi za zawadi inaweza wakati mwingine kuzuia kiasi ambacho hakijatumiwa, mradi mtu awahi kuipigia akiwa na kadi na risiti. Alipokuja kusema, tulikuwa tumechelewa.

Ndugu zangu, hapa lazima tujitazame na sisi. Huku kwetu mtu akilizwa, habari huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kama kichekesho: fulani kaingizwa mjini. Huko nyumbani ni vilevile. Mama anapokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", anatuma kwa sababu kweli alikuwa na mtu wa kumtumia, na familia nzima inamcheka hadi sikukuu. Siku nyingine akipigiwa na anayejiita mtu wa huduma kwa wateja, atauliza nani, wakati ameshajifunza kwamba kuuliza ni kuchekwa? Kicheko chetu kinamfanyia tapeli kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na tapeli analijua hilo, ndiyo maana anataka tubaki kidole kimoja kimoja.

Tena sisi wa huku tunatuma kompyuta nyumbani kila mara: ya mdogo wetu aliyeingia chuo, ya baba anayetaka kutuona usoni tukizungumza. Tunatuma mashine bila maelezo ya hatari zake. Basi haya ndiyo maelezo, wekeni akilini.

Microsoft imesema wazi kwamba maonyo yake ya kweli hayana namba ya simu, na kwamba haimpigii mtu kumwambia kompyuta yake ina tatizo kama hakuomba msaada. Hakuna kampuni ya kweli wala ofisi ya serikali itakayokuagiza ununue kadi za zawadi ili uilipe. Skrini ikiganda na king'ora kikalia, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka kompyuta izime. Ukiiwasha tena, usikubali kurejesha kurasa zilizokuwa wazi. Mtu akisema anatoka benki, kata simu, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako.

Kama umeshamruhusu mtu aingie, ikate kompyuta kwenye intaneti mara moja. Chukua simu au kompyuta nyingine, badilisha nywila zako, ukianza na ya barua pepe na ya benki. Iarifu benki saa ileile. Kisha mpelekee kompyuta fundi unayemfahamu aiondoe ile programu na kukagua kama kuna kingine kilichoachwa. Na toa taarifa: hapa Marekani kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho na kwa FBI; Tanzania, tuma namba ya tapeli kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA; Kenya, walio kwenye mtandao wa Safaricom wapeleke ujumbe wa kitapeli kwenda 333.

Lakini la kwanza kuliko yote haligharimu kitu. Wiki hii mpigie mzazi wako, shangazi yako, mjomba wako anayekaa peke yake, umwambie hivi: ukiona au ukisikia chochote kinachokutisha, kata, nipigie mimi kwanza, hata usiku wa manane, na hata kama umeshatuma pesa. Sitakucheka na sitakugombeza. Kisha siku atakayopiga, timiza ahadi hiyo.

Ndimi ndugu yenu wa Ohio.