Kitindamimba Wangu na Safari ya Theluji



Wenzetu wanaokusanya kitabu hiki cha mwaka walinitaka niandike namna ya kupika mkate wa kumimina kwa tanuri la umeme. Nilikubali, lakini kila nikishika kalamu naona lipo jambo jengine linalonielemea, nalo ni khabari ya kitindamimba wangu. Mkate nitauandika mwakani, inshaallah.

Wengi wenu mmenikuta maharusini na matangani mkaniuliza, "Na yule mdogo anafanya kazi gani?" Nami nikijibu, "Yuko Norway, anasoma." Haikuwa kweli. Aliacha chuo mwaka 2019, akiwa amebakisha mwaka mmoja awe injinia, akenda visiwa vya Svalbard kuwaongoza watalii juu ya pikipiki za theluji. Mimi nilifika Uingereza mwaka 1978 na sanduku moja, nikafanya kazi ya uuguzi, zamu za usiku, ili wanangu wasome. Nilimwambia kwa simu maneno ambayo mama hamwambii mtoto. Kisha ikawa tunasalimiana Idi kwa Idi.

Machi 2024 aliniletea tiketi. "Mama, njoo uone, kisha useme utakalo." Basi nilikwenda, na nitasema kweli: sikwenda kutembea, nilikwenda kumrudisha. Ndani ya sanduku langu nilitia fomu za chuo, nimeshazijaza mwenyewe, imebaki sahihi yake tu.

Svalbard ni visiwa vilivyo chini ya Norway, katikati ya bara ya Norway na ncha ya kaskazini ya dunia. Mji wake mkubwa, Longyearbyen, uko nyuzi 78 kaskazini. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi kabisa, na kwa kuwa mji umezungukwa na milima, miale yake haifiki mjini mpaka mwezi wa Machi. Tarehe 8 watu na watoto wao hukusanyika penye ngazi za hospitali ya zamani kulingojea. Mimi nilifika wiki moja baadaye. Lililonifurahisha mwanzo ni kuwa hata hotelini watu huvua viatu mlangoni, ada iliyobaki tangu zama za wachimbaji wa makaa ya mawe. Nikasema, kumbe hawa ni wenzetu.

Asubuhi ya pili alinitia katika msafara wake pamoja na wageni sita. Tulivishwa ovaroli nene, mabuti, glavu mbili mbili, kofia ya kufunika uso na helmeti. Nilikuwa nimejifunga kanga shingoni. Akaifungua kwa adabu akaitia ndani ya ovaroli yangu, akasema, "Samahani mama, kitambaa kinachopepea hakipandi chombo hiki."

Chombo chenyewe mbele kina miguu miwili ya kuteleza, na nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama mnyororo wa tingatinga. Mafuta hutiwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, breki iko kushoto, na mishikio hupata joto la umeme. Anayeendesha lazima awe na leseni, na aliyelewa haruhusiwi, kama vile barabarani.

Nilidhani kazi ya mwanangu ni kwenda mbele na wengine wamfuate. Kumbe tangu saa kumi na moja alfajiri alikuwa akisoma utabiri wa upepo na wa maporomoko ya theluji. Begani alikuwa na bunduki na kiunoni bastola ya fataki, kwa sababu sheria haimruhusu mtu kutoka nje ya mji bila ya kitu cha kumfukuzia dubu mweupe. Nikamuuliza, "Umepata kumpiga?" Akasema, "Sijapata, na naomba nisipate. Kiongozi mzuri humwona kwa mbali akageuza njia mapema." Nyuma ya chombo chake alifunga sleji yenye hema, mifuko ya kulalia, jiko, makoleo, dawa na simu ya setilaiti. Kila mtu alifungwa kifuani kifaa kidogo cha redio, ili akifukiwa na theluji apatikane. Si mchezo. Desemba 2015 poromoko lilishuka juu ya nyumba za mji huo huo, likaua watu wawili.

Kisha akawafundisha wageni: kila mmoja afuate alama za aliye mbele yake na aache nafasi, mkono ukiinuliwa wote wasimame, na asisimame mtu chini ya mteremko mkali. Akamtaka kila mmoja amrejeshee alivyofahamu. Mimi nilikaa nyuma yake, nikamshika kiunoni. Mtoto niliyembeba mgongoni, leo mgongo wake ndio unaonikinga upepo.

Tulipita bonde la Adventdalen, tukaingia Eskerdalen, kisha Sassendalen, bonde pana ajabu. Baridi ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri, na kope zangu zilishika barafu. Tuliwaona kulungu wa huko, wafupi wa miguu, wakifukua theluji kwa kwato watafute majani. Jua lilikuwa juu ya vilele tu, na chini kote rangi ya buluu. Injini zilipozimwa nilisikia ukimya ambao sijapata kuusikia tangu nizaliwe.

Tulikuwa tunakwenda pwani ya mashariki, Mohnbukta, ambako mto wa barafu huishia baharini na dubu huonekana mara kwa mara. Wageni walikuwa na hamu ya hilo tu. Tulipokuwa tukinywa chai nilimwona mwanangu ameacha kikombe, anatazama mashariki. Juu ya barafu palikuwa na ukungu mwembamba kama moshi wa kuni mbichi. Akapiga simu, akasikiliza, akarudi akasema, "Tunarejea mjini."

Pakazuka maneno. Mmoja, mtu mzima kutoka Marekani, akasema ameweka akiba miaka miwili kwa safari hii, na mbingu ni safi. Mwengine akataka twende nusu ya njia. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwanangu akavua helmeti wamwone uso, akasema: "Kule juu ziko nyufa zilizofunikwa na theluji. Njia salama ni nyembamba, naifuata kwa macho na kwa chombo cha kuonyesha njia. Nikikosa macho nabakiwa na kimoja tu. Mkinilaumu nitastahamili."

Hapo moyo wangu ulishtuka, maana maneno hayo niliwahi kuyasikia. Mwaka 1967 nilikuwa na miaka tisa, baba yangu alipokuwa nahodha wa jahazi baina ya Pemba na Unguja. Siku moja tuliondoka Wete, tukafika kati, akatazama wingu, akageuza. Abiria walimtukana, wakamwita mwoga. Akawajibu, "Kesho bahari itakuwepo. Nataka na nyinyi muwepo." Siku ile dhoruba haikuja. Walimcheka wiki nzima pale bandarini, na hakuomba radhi kwa mtu.

Ya Svalbard ilikuja. Hazikupita dakika arubaini, mbingu na ardhi zikawa kitu kimoja cheupe. Sikuweza kuona mikono yangu iliyoshika kiuno chake. Aliwasogeza wageni karibu karibu, tukaenda mwendo wa mtu anayetembea, na kila baada ya kitambo alisimama akarudi nyuma kwa miguu kuwahesabu. Mke wa yule Mmarekani alipinduka katika theluji laini, wote wakashuka kukinyanyua chombo chake. Njia tuliyokwenda kwa saa mbili tuliirudi kwa saa tano. Tulipofika, yule Mmarekani hakusema kitu. Alisaidia kukusanya helmeti za wote, akenda zake.

Usiku nilimpikia mwanangu wali, nikamsimulia khabari ya babu yake, ambayo sikupata kumwambia. Akaniuliza, "Na dhoruba ilikuja?" Nikamwambia haikuja. Akanyamaza, kisha akasema, "Hizo ndizo ngumu zaidi, mama." Fomu sikuzitoa sandukuni.

Sitawaficha, bado ningependa amalize chuo, na kila nikisikia upepo usiku namfikiria. Lakini nilikuwa naona haya kwa kazi nisiyoijua, na nikawadanganya nyinyi jamaa zangu. Nataka mniwie radhi, na yeye nimeshamwomba.

Atakayetaka kwenda, aende Machi au Aprili, pana mwangaza wa kutosha. Achukue leseni yake, na kiongozi akisema turudi, arudi bila ya maneno. Na mkinikuta tena harusini niulizeni kuhusu yule mdogo. Nitawajibu kuwa yuko Svalbard, anapeleka watu kwenye theluji na kuwarudisha salama.

Wassalaam.