Kinachoshikanisha Nyuzi

Karatasi ya kawaida ikilowa chepechepe hubakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo ikiwa kavu. Huku Lwiro, kwenye vilima vya Kabare kaskazini mwa Bukavu, habari hiyo si ya vitabuni tu. Mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei. Kituo cha utafiti kilichoasisiwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, ambacho leo ni CRSN, kina maktaba ya vitabu na majarida ya miaka mingi. Kina pia mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kila mmoja na kibandiko chake cha jina na mahali ulipochumwa. Kibandiko kikioza, mmea unabaki jani tu lisilo na kwao.

Mtu hudhani karatasi imara ni ile yenye nyuzi imara. Nyuzi za selulosi kweli zina nguvu, lakini karatasi dhaifu ikichanika, mara nyingi nyuzi hazikatiki: zinaachana. Kinachozishikanisha ni viungo vya haidrojeni, kimoja kimoja dhaifu, ila kwa wingi wao vinabeba ukurasa mzima. Maji yakiingia katikati, viungo hivyo huachia.

Ndiyo maana watengenezaji huongeza polima. Ya zamani ni wanga. Nyuzi zina chaji hasi, hivyo wanga uliopewa chaji chanya huzing'ang'ania na kuongeza mahali pa kushikana. Wanga wa muhogo hutumika hivyo katika viwanda vya Asia, muhogo huohuo tunaousongea bugali. Kwa karatasi inayopaswa kustahimili maji kuna resini, ambazo hufunga viungo visivyofunguliwa na maji. Kilo chache zinatosha tani nzima ya karatasi.

Uchache huo ndio ulionifundisha zaidi. Nimewaona akina mama wa likelemba, chama cha kuchangiana, wakitoa pesa ambayo peke yake haijengi hata choo, lakini mwenzao akifiwa, wote wamefika kabla ya jua kutua. Siku hizi nikitaka kujua nguvu ya familia au ya ofisi, siulizi kwanza nani hodari humo. Naangalia nani anamjulia hali nani. Kituo cha Lwiro chenyewe kilipita vita vya 1996 na 1998, na sidhani kuta ndizo zilizokivusha.

Lakini si kila kinachoongezwa ni cha heri. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alieleza namna ya kutia utomvu wa msonobari pamoja na shabu ili wino usisambae. Karatasi ilitoka nzuri, na viwanda vikaifuata njia hiyo kwa zaidi ya karne moja. Shabu ilileta asidi, na asidi hukata minyororo ya selulosi polepole, hata kabatini, hata bila tone la mvua. Ukurasa hugeuka rangi ya kahawia, kisha huvunjika ukikunjwa. Nimeona nyumba zilizotulizwa kwa hofu zikienda vivyo hivyo: miaka ya mwanzo kimya na adabu, halafu watoto wanakua na hakuna anayerudi.

Resini nazo zina gharama yake, kwani karatasi isiyolegezwa na maji ni ngumu kuisaga upya. Mafundi wa kuhifadhi vitabu hupenda kinachoweza kuondolewa: gundi ya wanga uliopikwa na karatasi nyembamba ya Kijapani. Inashika mpasuko barabara, na siku ikihitajika kuondolewa, unyevu kidogo huilainisha bila kuumiza ukurasa. Natamani wanafunzi wa kemia wa Bukavu wapande Lwiro wakati wa kiangazi, wapime asidi ya vitabu vya maktaba ile na kujifunza kazi hii ya mikono. Waanze na vibandiko vya mimea, maana ndivyo vidogo kuliko vyote na ndivyo vinavyopotea upesi.