Nani Atawabeba Wazee Wetu?



Wapendwa Taifa la Mungu, ninapowapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu, wazee huniuliza: "Padre, bima hii mpya inatuhusu sisi tusio na mshahara?" Naam, inawahusu.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF nchini Kenya, nayo ina mifuko mitatu. Wa kwanza hugharimiwa na serikali, nao hulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya kwa aliyejiandikisha. Wa pili ndio bima ya hospitali: familia isiyo na mshahara huchangia asilimia 2.75 ya kipato chake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Wa tatu hupokea mzigo wa maradhi ya kudumu pale fungu la bima linapokwisha. Tena, shilingi 2,000 za Inua Jamii wanazopewa kila mwezi wenye miaka 70 na zaidi, pamoja na wenye ulemavu mkubwa, si bima. Anayezipokea naye hana budi kujiandikisha.

Kujiandikisha ni kwa simu, *147#. Lakini kuna macho yasiyoona tena tarakimu, na vidole vinavyotetemeka. Yule aliyepooza kule Kapernaumu alibebwa na watu wanne, na Injili haikututajia jina la hata mmoja wao. Vijana wa jumuiya ndogo ndogo, wiki hii bisheni hodi kwa jirani asiyeweza kutoka. Msingoje augue.

Mungu awabariki.