Chupa Moja ya Maji

Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na ugonjwa wetu walimu wa fizikia ni kwamba hatuwezi kutazama sinema kwa amani. Gari likiruka juu ya mto, wenzako wanashangilia, wewe unapiga hesabu. Kwa hiyo vijana wa kanisa letu hapa Musoma walipoandaa semina pamoja na wenzao wa Bunda na Butiama, wakaniomba niseme neno baada ya filamu, nilikubali haraka kuliko ilivyonipasa.

Tulikutana Bunda. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, projekta tuliazima. Filamu yenyewe inaitwa Pumzi. Ilitengenezwa na Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance kule Marekani. Ni ya dakika 21 tu, lakini ndani yake kuna dunia nzima: miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Jasho na mkojo vinasafishwa wanywe tena. Kuota ndoto hakuruhusiwi, na kuna vidonge vya kuzuia. Binti mmoja, Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea kiboksi chenye udongo. Anapanda mbegu humo, inachipua. Wakubwa wanamkatalia kutoka nje, anatoroka, anaingia jangwani na mche wake.

Taa zilipowashwa nikasimama na karatasi yangu. Nilianza na jengo: likionyeshwa kwa nje, unaona kabisa kwamba limechorwa kwa kompyuta. Hilo, nikasema, tunalisamehe, maana fedha zilikuwa chache. Pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana anatengeneza sinema kwa fedha ndogo kuliko hizo, na watu wanazipenda pamoja na umaskini wake. Lakini uhaba wa fedha hauzuii mtu kufikiri. Nani alituma kile kiboksi? Hatuambiwi. Mbona nchi yenye ulinzi mkali vile inamwachia binti mmoja apenye? Mbona wahusika hawafungui midomo, wanazungumza kwa kompyuta, hata tunashindwa kuwajua? Mwenye filamu alitaka kusema mambo ya saa mbili katika dakika 21.

Kisha nikafika kwenye maji, hapo ndipo nilipojivunia. Mtu anayetembea jangwani juani anahitaji lita kadhaa kwa siku. Asha ana kachupa. Kwa hesabu hiyo asingefika popote. Naye anafika, anaupanda mche, anaumwagia tone la mwisho, analala kando yake kuukinga jua. Kamera inapanda juu, na tunaona kumbe msitu haukuwa mbali! Basi amekufa bure, au ameuzaa ule msitu, au aliyeandika hakuamua? Vijana walicheka, wengine wakapiga makofi.

Mama mmoja wa Butiama, mkubwa kwangu kwa umri, alikuwa amekuja kutusaidia jikoni. Alitazama yote akiwa amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Karibu, mama."

"Hiyo hesabu ndiyo uliyotufanyia sisi?"

Vijana hawakuelewa. Mimi nilielewa.

Miaka mitano kabla ya hapo tulikuwa na mradi wa kupanda miti kwenye kiwanja cha kanisa, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Butiama. Miche 240: miembe, miarobaini, migrevilea. Nilikuwa katibu wa kamati. Mvua za vuli zikachelewa, kisima kilikuwa mbali, na fedha za kumlipa wa kumwagilia zilikuwa zinaisha. Nikapiga hesabu. Lita 5 kwa mche kwa wiki ni lita 1,200, yaani ndoo kubwa 60, na kila safari ya ndoo moja saa nzima. Nikaandika nusu ukurasa: mradi usitishwe, fedha iliyobaki irudishwe. Niliisoma ripoti hiyo mbele ya kanisa. Nilisifiwa kwa uaminifu wa mali ya Bwana. Sikurudi tena kutazama. Mara mbili nilipeleka wanafunzi Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, tukapita karibu na kijiji hicho, na sikumwambia dereva akate kona.

"Mama, hesabu ilikuwa sahihi," nikamjibu.

"Sijasema haikuwa sahihi." Akahamisha ungo mkono wa pili. "Mingine tuliimwagia maji ya kuoshea vyombo."

"Imebaki mingapi?"

"Njoo uone." Akarudi jikoni, ugali ulikuwa unasubiri.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua Luka 13, habari ya mtini usiozaa, ambayo nimeihubiri mara nyingi. Siku zote nilisimama upande wa mwenye shamba: miaka mitatu, hakuna tunda, ukatwe. Ana haki, hata ardhi inaharibika. Mtunza shamba hapingi hesabu yake hata kidogo. Anaomba mwaka mmoja tu, apalilie, atie samadi. Na hapo hadithi inakatika. Hatuambiwi kama mti ulizaa. Ni dosari ileile niliyomlaumu nayo Wanuri Kahiu mbele ya vijana, na katika miaka yote ya kuhubiri sikuwahi kuiona kwa Bwana Yesu.

Bado nasema ile filamu ina mapungufu. Wale walinzi wananisumbua hadi leo. Lakini kile cha chupa ya maji nimekifuta kwenye karatasi yangu, maana sikuwa mtu wa kukisema.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la Butiama. Niliikuta 17. Zaidi ya nusu ni miarobaini, ambayo haihitaji sifa za mtu. Miembe ilikuwa mitatu, mmoja umetafunwa na mbuzi mpaka umepinda kama mzee anayefunga kiatu. Mingine yote 223 ilikuwa imekufa, kama nilivyoandika.

Mama hakuwepo, alikuwa shambani. Mjukuu wake alinisalimia, "Shikamoo babu," akanipa ndoo bila kuniuliza nimefuata nini, akanionyesha kwa kidole njia ya kisimani. Nilitazama saa nilipoondoka, ni mazoea. Kwenda na kurudi, pamoja na kupumzika mara mbili njiani, na magoti haya, nilitumia dakika 40. Katika ripoti nilikuwa nimeandika saa nzima.