Damu ya Mjomba

Msomaji, umepata kumsikiliza mkubwa wako akisema neno lililo kweli nusu? Mimi nilimsikiliza, nikanyamaza.

Ilikuwa mwaka 2020. Tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi zilifungwa kwa ajili ya korona. Sisi walimu hatukuwa na wa kumfundisha, nami jioni nilikaa barazani Msambweni kwa mjomba wangu, mvuvi wa miaka 70. "Mjomba," aliniambia, kwa maana ndivyo tuitanavyo, "maradhi haya ni ya wageni wa mahoteli ya Diani. Damu yetu haiyakubali."

Damu yetu ina ngao, kweli. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii, akaona kuwa chembe zipindazo mfano wa mundu ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, na chache nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: mtoto aliyerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa siko seli. Dada yangu ni mmoja wao. Nimemshika mkono usiku akilia maumivu ya mifupa, basi naijua bei ya ngao hiyo.

Lakini ngao ya malaria ni ya malaria. Ilifuliwa kwa maelfu ya miaka, na korona ilikuwa mgeni wa juzi. Mwaka huo huo 2020 Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha kipande cha urithi, kilichotoka kwa Waneanderthali wa kale, kimzidishiacho mgonjwa wa korona hatari ya kulemewa. Asia ya Kusini karibu nusu ya watu wanacho; Afrika ni kama hakipo. Mjomba angalifurahi kusikia! Walakini kukosa kipande hicho hakumfungii mtu mlango, na uzee peke yake huzidisha hatari kuliko hicho. Mjomba alikuwa mzee, tena mwenye kisukari.

Hayo ningaliweza kumweleza kwa Kidigo chetu. Nilichelea kuonekana mjuaji mbele ya wazee wenzake. Aliugua mwaka 2021, akalala siku 9 akipumua kwa oksijeni, akafariki.

Juzi mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali lile lile la damu. Kengele ya kutoka ililia, nami nikaendelea kusema.