Matundu Manane ya Galatoni

Tukuyu nilikokulia, gitaa lolote lisilotumia umeme liliitwa galatoni. Mpaka navuka miaka ishirini sikujua kwamba hilo lilikuwa jina la biashara. Kwangu lilikuwa neno kama sufuria au kibatari. Galatoni niliyoifahamu ilikuwa ya mjomba wangu. Naye alikwenda Wenela, wakala walioajiri watu wa migodi ya Afrika Kusini, kama wanaume wengi wa Rungwe wa rika lake, akachimba dhahabu ya watu huko Johannesburg, akarudi na sanduku la bati, makoti mawili na gitaa. Makoti yalichakaa kabla sijazaliwa. Gitaa nililikuta.

Lilikuwa dogo, kahawia kama chai kavu. Jioni za mvua, na Tukuyu mvua si habari, mjomba alikaa mlangoni akalipiga kwa vidole viwili, dole gumba likishika besi na cha shahada kikiutafuta wimbo juu yake. Vijana wa wakati wake walimfuata Mwenda wa Bayeke, mpigaji wa Katanga ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Santuri zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini kwa nembo ya Gallotone, na nembo hiyohiyo ilibandikwa kwenye magitaa ya kiwanda chao cha Durban. Basi mtu wa kwetu alilikuta neno kwenye santuri, akalikuta tena kwenye gitaa, akalileta nyumbani likakaa kama vile limezaliwa hapo.

Sasa niseme nilivyoharibu. Mwaka 1988 nilinunua gitaa jipya la Kichina Mbeya mjini kwa pesa za viazi. Haikupita miezi mitatu funguo zake zikaanza kuteleza: unakaza uzi, unalegea wenyewe. Wakati huo baridi yabisi ilikuwa imeshaingia mkononi mwa mjomba, na galatoni ilining'inia stoo ikiwa na nyuzi mbili. Nikachukua bisibisi, nikafungua vibati viwili vya funguo, kila kimoja skrubu nne, nikavihamishia kwenye gitaa langu. Mjomba alinikuta namalizia.

"Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana, mkubwa kwa mdogo, "zitaingia hizo?"

Ziliingia. Ilibidi nitoboe matundu mapya, lakini ziliingia. Miaka mitatu baadaye nililiuza gitaa lile stendi ya Mbeya kwa utingo wa lori ili nipate nauli ya Dar es Salaam, na funguo zikaondoka nalo.

Dar es Salaam ya miaka ya tisini, gitaa la zamani maana yake gitaa bovu. Bendi zilitaka la umeme, wanakwaya walitaka linalong'aa. Kuukuu lilikuwa la sisi tusio na kitu. Tulitazama rangi, tukagonga mgongo kusikiliza kama kuna ubao ulioachia, tukavutana kwenye bei. Sikumbuki mtu kuuliza gitaa ni la mwaka gani. Ungeonekana una wazimu.

Swali la mwaka lililetwa na pesa. Mwaka 1999 gitaa alilopigia John Lennon akiwa kijana wa Liverpool, lililonunuliwa kwa posta mwaka 1957, lilipigwa mnada Sotheby's, London, likauzwa pauni 155,500. Lilikuwa Gallotone Champion. Galatoni kabisa: mbao za tabaka, na ndani karatasi inayomhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Mpiga besi mmoja ndiye aliyenipa habari hiyo, miaka imeshapita, na sikumwamini. Siku hizi muuzaji hasemi tena kuukuu. Anasema vinteji, na kabla hujashika shingo ameshamtaja Lennon. Mei 2024 gitaa la Kijerumani la Framus la nyuzi kumi na mbili la huyohuyo Lennon liliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 2.8, nami nikashuhudia Framus moja ya Kariakoo, iliyotatuka mbavu, ikipanda bei mara mbili kabla mwezi haujaisha.

Framus nayo ilikuwa mwalimu wangu, ada nikalipa. Mwaka 2006 nilinunua moja kwa laki mbili. Niliambiwa ni ya 1958, "ya kabla ya uhuru, mzee." Nilikuwa na miaka thelathini na sita na hilo neno mzee lilinilegeza. Nyumbani nikamulika tochi, nikasoma namba: inaishia 71C. Kumbe Framus, wale wa Bubenreuth, walimalizia namba zao kwa tarakimu mbili za mwaka na herufi ya mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba. Machi 1971. Uhuru ulikuwa na miaka tisa na Azimio la Arusha lina minne.

Si kila kiwanda kina huruma hiyo. Martin wa Marekani wamehesabu magitaa yao mfululizo tangu 1898, wakianzia 8000, kwa hiyo mwenye Martin husoma namba, akatazama jedwali, akalala. Gibson wa mwanzoni mwa miaka ya sabini walirudiarudia namba hata namba peke yake haithibitishi kitu. Lakini mangapi ya hayo yalifika Kariakoo? Mengi niliyoshika hayakuwa na namba ya maana, nikalazimika kusoma vitu vingine.

Jina la nchi husaidia. Karatasi inayosema Ujerumani Magharibi haikuchapwa baada ya nchi ile kuungana mwaka 1990. Karatasi ya duka yenye anwani ya Tanganyika inakurudisha nyuma ya 1964, ingawa mwenye duka bahili humaliza kwanza karatasi alizonazo. Skrubu za nyota kwenye gitaa linalodaiwa kuwa la 1930 zinakuomba uulize maswali. Jirani yangu ni wakala wa pesa za simu, huniazima ile taa ya kukagulia noti: gizani vanishi ya zamani iliyozeeka pamoja hung'aa kijani cha manjano, na palipopakwa upya panajitenga kama kiraka. Kioo cha daktari wa meno nilinunua mwenyewe, cha kuchungulia mbavu kwa ndani. Mke wangu anaita begi ninalobebea vifaa hivi zahanati.

Umri si uzima, hata hivyo. Kabla ya namba yoyote mimi hulaza rula ndefu juu ya freti nione inagota wapi. Ikifika usawa wa juu wa daraja, vizuri. Ikigonga ubavu wa daraja chini yake, shingo imevutwa na nyuzi kwa miaka, na kuing'oa na kuipanga upya kunaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe. Pwani hali huwa mbaya zaidi, kwani gundi ya ngozi waliyotumia mafundi wa zamani hulegea kwa joto na unyevu. Wajuzi hudharau mbao za tabaka (zitazame ukingoni mwa tundu la sauti: mistari ya juu haipenyi unene wote), kwamba sauti yake haikomai. Kuhusu sauti wana haki. Kuhusu Tukuyu hawajui kitu. Ile karatasi ya kutopasuka ilisema kweli kwa gitaa la mjomba, pamoja na stoo inayovuja.

Nililirudia mwaka 2011. Mjomba alinipa bila sherehe, likiwa halina uzi hata mmoja, wala kichwani halina kitu isipokuwa matundu. Karatasi ya ndani ilikuwepo, mwaka haukuwepo. Nikamuuliza alinunua lini. Akasema safari ya pili. Safari ya pili mwaka gani? Hakujua, ila ya kwanza ilikuwa baada ya harusi ya mama mkubwa. Cheti cha ndoa, cha Wamoravian, kinasema 1956.

"Ulilipa randi ngapi?"

"Randi?" Akacheka. "Pauni nne kasoro shilingi. Randi nilizisikia nimesharudi."

Afrika Kusini iliacha pauni Februari 1961. Kwa hiyo galatoni ilinunuliwa baada ya 1956 na kabla ya Februari 1961, na ushahidi huo nauamini kuliko wa muuzaji yeyote niliyewahi kumlipa.

Kitu cha kwanza ninachotazama leo kwenye gitaa la mtu ni nyuma ya kichwa. Tundu la ziada pembeni ya kibati cha funguo, hata likizibwa kwa kijiti cha kiberiti na kupakwa rangi, linasema funguo si za kuzaliwa nalo. Nalitambua haraka. Niliwahi kuyatoboa.

Nilikata kadibodi ya boksi la sabuni, nikailaza nyuma ya kichwa cha galatoni, nikachoma penseli kwenye matundu yote manane. Naitembeza kwenye pochi. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kariakoo anayeuza vipuri vya redio na vinanda alinimwagia mezani kopo zima la funguo za zamani. Tukapima moja baada ya nyingine. Jozi moja, yenye kutu ya kijani, ililingana matundu sita. Mawili yalipishana kama unene wa kucha.

"Mzee, hiyo si kazi," akasema, ameshaishika drili. "Tunatoboa mengine."

"Nilishatoboa," nikamwambia, nikarudisha kadibodi kwenye pochi.